Sura ya 6: Kuoza Chini kwa Chini

Nguzo ya tembe huanza kuozea mahali pale pale karibu kila mara: inapoingia ardhini. Juu ya hapo mti unaweza kuwa mkavu na mgumu kiasi cha kukataa msumari. Nusu mita chini ya ardhi, udongo ulioshindiliwa huunyima hewa, na bila hewa kuoza huenda polepole sana. Lakini katikati, kwenye kimo kisichozidi viganja viwili vya mkono, kila kitu kipo: unyevunyevu wa ardhi, hewa ya kutosha, na chakula, ambacho ni mti wenyewe. Ukuta wa tembe umekandikwa udongo mpaka chini, kwa hiyo sehemu hiyo haionekani. Mwenye nyumba huigundua siku dari inapoinama.

Kilimatinde, katika Wilaya ya Manyoni mkoani Singida, ni mahali pazuri pa kuanzia kulielewa jambo hili. Kijiji kimekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa. Upande wa mashariki ardhi inaporomoka kuelekea mbuga za Bahi, na upande wa magharibi lilianza pori ambalo wapagazi wa misafara walilipa jina la Mgunda Mkali, kwa sababu ya kiu yake. Wajerumani walijenga boma hapa katika miaka ya 1890, wakaitawala njia ya Tabora kutokea juu ya ukingo huo. Reli ya Kati ilipokuja, ikiwa safarini kwenda Kigoma ilikofika mwaka 1914, ilipita Saranda na Manyoni, na shughuli za utawala zikaifuata. Kilimatinde ikabaki na hospitali yake ya misheni, kanisa, na upepo.

Ni nchi kavu. Mvua hunyesha msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha miezi saba ya jua. Mtu wa pwani au wa Bukoba angedhani katika nchi kama hii mti hauna cha kuogopa. Kinyume chake ndicho kweli, na sababu yake imo katika jinsi Wagogo wa hapa walivyojenga.

Tembe ni nyumba ndefu na fupi kwa kimo, yenye paa bapa la udongo, mara nyingi ikizunguka ua wa ng'ombe pande mbili, tatu au zote nne. Richard Burton aliyepita Ugogo mwaka 1857, na Henry Morton Stanley aliyepita mwaka 1871, wote wawili waliieleza katika vitabu vyao. Mifupa yake ni nguzo zenye panda juu. Kwenye panda hulala boriti, juu ya boriti hupangwa miti myembamba, juu yake majani au maganda ya mti, na mwisho udongo. Ukuta hausimamishi paa. Ukuta ni fito na udongo wa kuzuia upepo, baridi na fisi. Mzigo wote unashuka kwenye nguzo.

Na mzigo huo si mdogo. Chukua chumba cha mita 3 kwa 5, chenye paa la udongo la unene wa sentimita 15. Udongo mkavu ulioshindiliwa una uzito wa tani moja na nusu hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo juu ya vichwa vya waliolala kuna zaidi ya tani tatu. Udongo huo ukinywa maji sawa na sehemu moja ya kumi ya uzito wake, zinaongezeka kilo mia tatu na ushee usiku mmoja. Ndiyo maana tembe mbovu haianguki Septemba. Husubiri Januari, mvua inapoongeza uzito juu na kulegeza ardhi chini kwa wakati mmoja.

Mvua hiyo huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni paa lenyewe. Udongo wa paa humomonyoka kila msimu na lazima urudishiwe, na usiporudishiwa maji hupata ufa, hufuata boriti, hukusanyika kwenye panda. Panda imekaa mfano wa kikombe: maji yakishaingia hayana pa kutokea, na hapo kichwa cha nguzo huanza kuoza kimya kimya huku shina lake likiwa zima. Njia ya pili ni ya kurukia. Paa la tembe halitokezi sana nje ya ukuta, kwa hiyo matone hupiga ardhi karibu kabisa na msingi, tope linarukia ukutani, na chini ya tope hilo nguzo inakaa na maji kwa miezi mitano.

Kinachoula mti ni kuvu, na kuvu ina masharti. Mbao yenye unyevu ulio chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi, hata ikikaa karne nzima. Ikivuka asilimia 28 au 30, ambapo nyuzi za mti zinakuwa zimeshiba maji, kuvu hupata maisha. Iko kuvu inayouacha mti na rangi ya kahawia, ukiwa umepasukapasuka kwa vipande vya pembe nne vinavyosagika kwa vidole. Iko nyingine inayouacha mweupe na wenye nyuzinyuzi kama katani. Jambo la kutisha ni kwamba nguvu huondoka kabla ya sura. Mti uliopoteza sehemu moja tu ya kumi ya uzito wake kwa kuoza huenda umeshapoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kuhimili mzigo, na kwa macho bado unaonekana mti.

Kisha kuna mchwa. Kwenye nyumba ya matofali mchwa hujisaliti: njia yao ya udongo hupanda ukuta uliopakwa rangi, na mtu huiona asubuhi akinywa chai. Kwenye tembe udongo ni ukuta wenyewe. Mchwa hupita ndani yake hadi kwenye nguzo, hula sehemu laini ya nje, huacha ganda jembamba, na hakuna anayejua. Nguzo iliyoloa huwavutia zaidi, kwa hiyo adui hawa wawili hufanya kazi pamoja.

Habari hiyo hiyo, karibu hatua kwa hatua, ilikuja Afrika Mashariki ndani ya chombo kisichofanana kabisa na tembe. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, aliyeanzisha kampuni ya matela ya kusafiria ya Airstream katika miaka ya 1930, aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Familia zilivuta nyumba zao za alumini zinazong'aa juu ya barabara za vumbi na tope, zikapita Afrika ya Kati na Kenya, zikapokelewa na Mfalme Haile Selassie nchini Ethiopia, na mwaka 1960 zikafika Misri na kupiga picha mbele ya mapiramidi. Picha hizo zilitangaza kwamba tela la alumini halishindwi na kitu.

Alumini kweli haikushindwa. Kilichoshindwa, miaka ishirini au thelathini baadaye, ni sakafu.

Chini ya zulia la tela la Airstream la zamani kuna plaiwudi, kwa kawaida yenye unene wa milimita 16 hivi. Plaiwudi hiyo imebanwa katikati: chini yake ipo chasisi ya chuma, juu yake upo mfereji wa alumini unaoshika kuta, na boliti zinapenya vyote vitatu. Sakafu hapo ni zaidi ya mahali pa kukanyaga. Ndiyo inayoufunga mwili wa tela na chasisi yake. Maji huingia kwenye dirisha ambalo mpira wake umekauka, kwenye taa za nyuma, kwenye tundu la hewa juu ya paa, na zaidi ya kote kwenye bamba la nyuma juu ya bampa. Yakishaingia hushuka kati ya ngozi mbili za alumini, ya nje na ya ndani, ambako hayaonekani wala hayakauki. Yanatua kwenye ukingo wa plaiwudi. Ukingo wa plaiwudi ndio sehemu inayokunywa maji kwa pupa kuliko zote, maana pale ncha za nyuzi ziko wazi. Chini ya sakafu limefungwa bamba jingine la alumini, na kati yake na plaiwudi mna sufi ya kuzuia joto na baridi. Sufi hiyo ikiloa hushikilia maji kwa wiki nyingi.

Mnunuzi hutazama katikati ya sakafu, ambako ni kuzima, na hulipa. Mafundi wanaoyafahamu matela haya hufanya jaribio rahisi: mmoja husimama juu ya bampa ya nyuma na kurukaruka polepole, mwenzake hutazama pale ukuta unapokutana na bampa. Pakifunguka mwanya, plaiwudi ya nyuma imeshaoza na mwili wa tela umeachana na chasisi.

Tembe ya Kilimatinde na tela la Airstream zina kosa moja: sehemu inayobeba mzigo mkubwa ndiyo iliyofichwa zaidi, na ndiyo inayopelekewa maji.

Zanzibar wanalijua hili kwa uchungu. Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zao hulala juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti, ambao ni mita tatu au pungufu, ndio ulioamua upana wa vyumba vya pwani yote, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Katikati ya chumba boriti inapata hewa na inaishi vizazi. Ncha zake zimezikwa ndani ya ukuta. Paa likivuja au bomba la maji likipasuka, ukuta hunywa maji, na ncha ya boriti hukaa gizani, imeloa. Anayetazama dari haoni lolote mpaka sakafu ishuke kwa ghafla. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Majengo makubwa huanguka kwa sababu nyingi zilizoshikana. Hata hivyo, tangu siku hiyo hakuna anayepaswa kuliambia jengo la zamani lenye unyevu kwamba litasubiri bajeti ya mwaka ujao.

Sasa matengenezo. Hapa mafundi wengi, wa mbao na wa matela, hukosea mpangilio. Mwenye nyumba anaona mti uliooza, anaagiza mti mpya, anaubadilisha, anapaka rangi. Baada ya misimu michache mti mpya nao umeoza, na lawama inamwangukia muuza mbao. Mpangilio unaofaa ni maji kwanza, mzigo wa pili, mti mwisho.

Maji kwanza maana yake ni kuyafuata kutoka yanakotokea. Kwenye tela, mmoja humwaga maji kwa mpira kuanzia chini kwenda juu, dirisha moja kwa wakati, na mwenzake hukaa ndani na tochi. Wakianza juu, maji yatashuka yapite kila mahali na hawatajua yameingilia wapi. Kwenye tembe hakuna haja ya mpira: mvua ya kwanza ya Desemba inatosha kwa anayeingia ndani na taa na kutazama kila panda. Doa jeusi kwenye boriti likifuatwa kwa kidole kuelekea juu ya mteremko litampeleka kwenye ufa. Pale nje, mfereji mdogo wa kuondoa maji ukutani na kokoto kidogo chini ya ukingo wa paa huzuia tope kuruka. Kazi hiyo haigharimu zaidi ya jasho na kokoto chache, na pengine ndiyo inayookoa nguzo nyingi kuliko dawa yoyote.

Kisha kupima ubovu. Nyundo hutoa sauti mbili: mti mzima hulia kwa ukali, mti ulioliwa hujibu kwa uzito na ubutu. Bisibisi humaliza shaka. Fundi hufukua kuzunguka nguzo hadi kina cha sentimita 30, anakwangua udongo, kisha anachoma mti kwa pembe. Mti mzima huinua kibanzi kirefu chenye nyuzi, na bisibisi hukwama. Mti mbovu hukatika kibanzi kifupi bila sauti, na bisibisi huzama mpaka kwenye mpini. Wakaguzi wa nguzo za umeme hutumia mbinu hii hii ya kugonga na kufukua, kwa sababu nguzo ya umeme nayo huoza pale pale inapokutana na ardhi.

Mzigo wa pili. Nguzo ya tembe haing'olewi mpaka tani zilizo juu yake zipate mahali pengine pa kukaa. Kazi hii ni ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, udongo ukiwa mkavu. Kwanza mtu hupanda na kukomba udongo wa paa juu ya sehemu husika, mita moja au zaidi kila upande. Chini husimamishwa mihimili miwili ya muda, mmoja kila upande wa nguzo, ikikaa juu ya ubao mpana ili isizame. Kabari hupigwa taratibu hadi boriti ipokelewe. Ipokelewe tu: anayetaka kuiinua boriti iliyozoea kuinama kwa miaka arobaini ataipasua, au atapasua ukuta. Nguzo ikishakuwa haina mzigo, hutikisika kwa mkono. Hapo ndipo inapotolewa. Nguzo ya jirani husubiri siku nyingine.

Kwenye tela busara ni ile ile. Chasisi huwekwa juu ya stendi zilizonyooka kabla ya kukata boliti hata moja, maana sakafu iliyooza ikiondolewa kuta hazina kinachozizuia kutanuka.

Halafu mti. Sehemu mbovu hukatwa kupita pale ubovu unapoonekana kuishia, mpaka msumeno utoe unga mkavu wenye harufu ya mti. Kuvu hutangulia mbele ya macho, na kiraka kilichoungwa kwenye ukingo wa ubovu kitaoza pamoja nao. Kwenye tela plaiwudi mpya huwa ya daraja la mashua, kingo zake zimepakwa epoksi mara mbili kabla ya kuchomekwa kwenye mfereji, na chasisi imeshasuguliwa kutu na kupakwa rangi.

Kwa nguzo ya tembe, swali ni mti gani. Mpingo, mninga na mkongo ina moyo ambao mchwa na kuvu huuogopa. Neno ni moyo: ganda la nje la mti huo huo, lile lenye rangi hafifu, huliwa kama mti mwingine wowote, kwa hiyo gome na ganda viondolewe kabla ya kusimamisha. Miti hii imepungua, na kuivuna kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mkaratusi unapatikana kwa urahisi, ila bila dawa ya kiwandani hauhimili ardhi ya Manyoni kwa muda mrefu. Wengi hupaka oili chafu ya injini. Oili chafu haiingii ndani ya mti zaidi ya juu juu, mvua huiosha, na kinachobaki ni sumu kwenye udongo ambako kuku hudonoa na watoto hucheza. Fedha ya oili hiyo ingenunua kokoto.

Njia iliyo bora ni kuitoa nguzo ardhini kabisa na kuikalisha juu ya jiwe bapa au kitako cha zege kinachotokeza kiganja kimoja juu ya ardhi. Jiwe halinyonyi maji kuyapeleka kwenye mti, na mchwa akitaka kupanda lazima apite mahali panapoonekana. Ipo gharama yake, na fundi mwaminifu huisema: nguzo iliyozikwa hujishikilia yenyewe dhidi ya upepo, iliyokaa juu ya jiwe haijishikilii. Kwa hiyo nguzo hizo hazibadilishwi zote, au zikibadilishwa zifungwe kwa mihimili ya mshazari kwenye pembe za nyumba.

Kuna tahadhari moja ambayo vitabu vya useremala vya Ulaya na Marekani haviitaji, na katika Ugogo haifai kusahauliwa. Vumbi la sakafu na nyufa za ukuta wa tembe ni makao ya papasi, kupe laini anayenyonya damu usiku na kurudi ardhini kabla ya alfajiri. Anaweza kukaa miaka bila kula. Ndiye anayeambukiza homa ya papasi, ile inayopoa na kurudi tena. Mwaka 1905 Robert Koch alichunguza papasi kwenye njia za misafara za Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka huo huo Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu Kongo, alifia Kasongo. Kimelea cha homa hiyo kina jina la Dutton mpaka leo. Ugonjwa haukuishia kwenye historia: katika miaka ya 1990 watafiti wa Mvumi, Dodoma, walionyesha kwamba kupulizia dawa nyumba zenye papasi kulipunguza maradhi kwa watoto chini ya miaka mitano. Fundi anayefukua nguzo anafukua makao hayo. Avae viatu vilivyofunika, asilale ndani ya nyumba hiyo wakati wa kazi, na akipata homa wiki moja au mbili baadaye amwambie mganga kwamba alikuwa akichimba tembe, ili damu yake isipimwe malaria peke yake.

Leo ukipita Kilimatinde utaona bati kuliko udongo. Kampeni za nyumba bora na kuhamishiwa kwa watu vijijini katika miaka ya 1970 zilianza safari hiyo, na bei ya bati imeimalizia. Lakini kuoza chini kwa chini hakukuhama na tembe. Kulipanda juu. Kila msumari wa bati ni tundu, na mpira wake ukipasuka kwa jua maji hudondoka juu ya kenchi. Zamani mwenye nyumba angeliona tone hilo likianguka sakafuni. Siku hizi kuna dari ya jipsamu chini ya kenchi, nyeupe na nzuri, inayolificha tone mpaka mbao iwe imekwisha. Mbao hizo mara nyingi ni misindano michanga isiyotiwa dawa, inayooza na kuliwa haraka kuliko mti wowote ambao babu wa mwenye nyumba angekubali kuusimamisha.

Kwa hiyo ombi kwa msomaji ni dogo na lina tarehe. Kabla ya mwisho wa Novemba, mwenye tembe afukue nguzo za pembeni, hasa zile za upande mvua inakopiga, azichome kwa bisibisi. Mwenye nyumba ya bati akate mlango mdogo kwenye dari, sentimita 60 kwa 60, apande na tochi aguse kila kenchi inapokalia ukuta. Na anayejenga sasa amwambie fundi aache mlango huo tangu mwanzo. Ni kazi ya saa moja kabla dari haijafungwa.